Mnunuzi wa Awamu na Theluthi Mbili Asizozijua

Katika miji yetu sasa ni nadra kukosa duka lenye bango la kumwalika mpita njia achukue simu, jokofu au pikipiki leo, kisha alipe kidogo kidogo. Walimu ni wateja wapendwao sana, maana mshahara wao huja kila mwezi na makato yaweza kufanywa kabla haujawafikia. Si vibaya kununua hivyo. Haba na haba hujaza kibaba. Ila yafaa mnunuzi aulize kibaba hicho ni cha nani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jokofu lauzwa taslimu kwa shilingi 30,000. Mteja wa awamu hutakiwa atoe 5,000 papo hapo, kisha 2,500 kila mwezi kwa miezi 18. Bango hutaja hizo 2,500 kwa maandishi makubwa, nayo miezi 18 huwekwa pembeni, isomwe na mwenye miwani. Jumla ni shilingi 50,000. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini wengi wetu hatuifanyi dukani.

Sheria ya ununuzi wa awamu, Sura ya 507, iliyotungwa mwaka 1968, yamtaka muuzaji amjulishe mteja bei ya taslimu kabla ya mkataba. Tena ina kifungu ambacho, kwa maoni yangu, kingefaa kubandikwa katika kila chumba cha walimu: mteja akiisha kulipa theluthi mbili ya bei yote ya awamu, muuzaji hana ruhusa ya kukitwaa kitu ila kwa kwenda mahakamani. Katika mfano wetu, theluthi mbili ni shilingi 33,333 na ushei. Mteja huuvuka mpaka huo kwa malipo ya mwezi wa 12, akiwa amekwisha kutoa 35,000. Dalali akija na gari mwezi wa 13 bila amri ya mahakama, avunja sheria. Mkataba hufa, na mteja aweza kudai fedha zote alizolipa. Ni wangapi waliokwisha kuvitoa vyombo vyao mlangoni wameinamisha vichwa, wakidhani wao ndio wakosaji?

Hata hivyo, waliotunga sheria hiyo walimwaza dalali mwenye miguu. Simu ya leo hufungwa kutoka mbali. Mteja aliyebakiza malipo mawili huamka asubuhi akaikuta haifanyi kazi, wala hapana aliyebisha hodi. Mimi naona kwamba kumfungia mtu simu aliyokwisha kuilipia theluthi mbili ni kuitwaa, japo imebaki mfukoni mwake, na Bunge lapaswa kuliandika hilo waziwazi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kimekwisha kumpa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji, ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi na ya kufidiwa hasara.

Mahali pa kuidai haki hiyo napo pasimtishe mnyonge. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mlalamishi aweza kujisemea bila wakili. Atatakiwa kuonyesha stakabadhi za malipo na nakala ya mkataba, ile ambayo wengi, wakiisha kutia sahihi, huiacha mezani kwa karani.