Pesa sio akili, hata kwenye kompyuta

Haya wadau, nimepotea wiki mbili, manake projekti ya mwaka wa mwisho imenimaliza. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Msimamizi wangu kashikilia: wape mawakala wa programu yako pochi, washindane kwa mnada, wenye pesa nyingi ndio wazae. Mengine eti yatajipanga yenyewe. Mimi nasema hayajipangi, na ushahidi ninao kwenye laptop.

Wazo la msingi ni zuri jamani. Ni la John Holland, yule wa algoriti za jeni na kitabu cha 1975. Kila kanuni kwenye mfumo wake ni kama mchuuzi. Inataja dau ili ipewe kazi, ikishinda inalipa zile zilizoitengenezea njia, kama nyanya za Lushoto zinavyopita mikononi mwa watu hadi Kariakoo. Wa mwisho analipwa na mteja. Akiba ndio nguvu, na wenye nguvu ndio wanazalishwa: kata huku, unga kule, geuza kidogo.

Sasa angalieni bodaboda zangu za kwenye skrini. Njia panda ya kwanza, mzigo wa 1,000 uko kulia. Ya pili, mzigo wa 100 uko kushoto. Ukikosea ni sifuri. Akazuka wakala mmoja, yeye ni kulia tu, popote! Wastani wake 500. Yule anayejua kushoto ya njia panda ya pili ana 100, na hajawahi kukosea hata mara moja. Mnada ukiitishwa pale pale kwake, tajiri anashinda, anapeleka boda porini, halafu anazaa watoto wabishi kama yeye. Niliacha programu inazunguka usiku, asubuhi ukoo wa yule mkweli umekwisha.

Stewart Wilson alilijibu hili tangu 1995 na mfumo wake wa XCS: anayezaa ni anayetabiri malipo yake kwa usahihi, sio anayelipwa sana. Ukisema utapata 100 ukapata 100, zaa. Na ushindane na wa hali yako, sio wa njia panda nyingine. Uchumi ubaki, sijaukataa. Kitandani tu usiingie.

(Mkiniambia Eric Baum alibaki na pesa kama kipimo, ni kweli, ila alibana kwanza sheria za mali, pesa isitoke hewani. Msimamizi hajabana chochote.)

Kuwasilisha ni Ijumaa. Napeleka matokeo yote mawili, na grafu ya ule ukoo uliokufa naiweka ukurasa wa kwanza. Mniombee.