Simu ikikuonya kuhusu tovuti unayoiamini

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, ameniandikia: “Dada, habari za kazi. Kuna tovuti ya lishe na mapishi ya watoto ninayoisoma tangu mimba yangu ya kwanza. Siku hizi nikiifungua, ile programu ya kuzuia virusi kwenye simu inaleta alama nyekundu na kusema tovuti ni hatari. Mdogo wangu anaifungua kwenye simu yake bila shida. Nimechoka. Nikiizima hiyo programu nitakuwa nimekosea?”

Jibu fupi ni kwamba usiizime. Swali lake, hata hivyo, ni la wazazi wengi, na linahitaji zaidi ya jibu fupi. Simu ya mzazi siku hizi ni pochi, ni benki, ni albamu ya picha za watoto na ni daftari la tarehe za kliniki. Anayeingia humo kwa hila anaweza kuondoka na fedha za mwezi mzima.

Tuanze na neno “kuamini”. Mama lishe wa mtaani kwenu unaweza kumwamini kwa miaka kumi. Mikono yake ni safi, vyombo vyake ni safi, na hajawahi kukuumiza tumbo. Lakini maji aliyoletewa leo asubuhi hukuyaona. Yakiwa machafu, utaugua ingawa yeye hana nia mbaya na wala hajui. Tovuti nayo iko hivyo hivyo. Ukurasa unaousoma haujatengenezwa wote na mwenye tovuti. Matangazo yanaletwa na kampuni nyingine, na vipande vya programu vinavyoendesha ukurasa huo mara nyingi vinatoka kwingine pia. Kwa hiyo kumjua mwenye tovuti si sawa na kujua hali ya tovuti yake leo.

Mifano ipo. Februari 2015, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Malwarebytes iligundua kuwa tovuti ya mpishi maarufu wa Uingereza, Jamie Oliver, ilikuwa imepachikwa msimbo wa wadukuzi. Watu walikwenda kutafuta mapishi ya chakula cha jioni, na ukurasa ukawa unajaribu kuingiza programu mbaya kwenye kompyuta zao. Hakuna aliyekuwa ameingia mahali pa aibu au pa kutiliwa shaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano wa pili unajibu moja kwa moja hoja ya “mdogo wangu anaifungua bila shida”. Oktoba 2013, Google ilianza kuwaonya watu waliokuwa wakifungua tovuti ya php.net, ambayo ni makao ya lugha ya kompyuta inayotumika kujenga tovuti nyingi duniani. Wenye tovuti, ambao ni mafundi hasa, mwanzoni walidhani Google imekosea. Walipochunguza walikuta kompyuta zao mbili zimevamiwa kweli, na kwamba programu mbaya ilikuwa ikipelekwa kwa sehemu ndogo tu ya wageni kati ya tarehe 22 na 24 ya mwezi huo. Wageni wengine wote waliona ukurasa wa kawaida.

Ndiyo maana simu ya mdogo wako si kipimo. Huenda yeye hana programu ya kuzuia virusi, huenda yake haijasasishwa, au huenda tangazo lililokufikia wewe halikumfikia yeye.

Sasa tuwe wakweli upande wa pili: programu hizi nazo hukosea. Tarehe 31 Januari 2009, kwa muda usiofika saa nzima, Google iliweka onyo la hatari karibu kwenye kila tovuti iliyotokea katika majibu yake. Chanzo kilikuwa kosa la binadamu. Alama moja ya mkwaju iliingizwa kwenye orodha ya tovuti mbaya, na kwa kuwa alama hiyo imo katika kila anwani ya intaneti, dunia nzima ikaonekana ni hatari. Aprili 2010 programu ya McAfee ililidhania faili halali la Windows kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi za maofisini zikashindwa kufanya kazi.

Upo pia ule ujumbe unaosema kuwa muunganisho si salama. Huu mara nyingi hauhusiani na virusi. Kila tovuti makini ina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama leseni ya udereva. Mwenye tovuti akisahau kukihuisha, simu inakataa. Vilevile tarehe ya simu yako ikiwa si sahihi, simu itaona vyeti halali kuwa vimeisha au bado havijaanza kutumika. Ukiona kila tovuti inagoma kwa siku moja, tazama kwanza kalenda ya simu yako.

Basi, kama onyo linaweza kuwa la kweli na linaweza kuwa la makosa, kwa nini nisimwambie huyu mama alipuuze?

Jibu nalichukua wodini. Aprili 2013, Joint Commission, taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, ilitoa tahadhari kuhusu kengele za mashine zinazofuatilia wagonjwa. Ilieleza kuwa kwa makadirio, kati ya asilimia 85 na 99 ya milio hiyo haihitaji mhudumu kuchukua hatua yoyote. Kinachofuata ni uchovu. Masikio yanazoea, wengine wanapunguza sauti, wengine wanazima kabisa. Siku mlio mmoja ukiwa wa kweli, hakuna anayeamka. Hospitali zilizoelewa hilo hazikuondoa kengele, zilijifunza kuzipambanua. Mzazi mwenye simu naye ana kazi hiyo hiyo.

Na kuna jambo la kupambanua ambalo ni muhimu kuliko yote: onyo la kweli na onyo la kitapeli.

Wikendi moja ya Septemba 2009, wasomaji wa tovuti ya gazeti la New York Times walitokewa na dirisha lililodai kuwa kompyuta zao zina virusi, likajifanya linazipima, kisha likawataka wanunue programu ya kuzisafisha. Lilikuwa tangazo. Matapeli walijifanya ni kampuni halali ya simu, wakakubaliwa kutangaza, wakaanza na matangazo ya kawaida, na wikendi ilipofika wakabadilisha. Hapo tovuti ya kuaminika ndiyo iliyobeba onyo la uongo.

Mchezo huo upo hadi leo, na sasa umehamia kwenye simu. “Simu yako ina virusi 13! Betri itaharibika! Bonyeza hapa.” Shika jambo hili na uwaeleze watoto: ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuchungulia simu yako yote na kuhesabu virusi. Ukurasa wowote unaodai umekupima, unadanganya.

Kwa hiyo usitazame rangi wala ukali wa maneno. Tazama unaombwa nini. Onyo la kweli linakutaka usimame, linakuzuia mlangoni na kukuelekeza urudi nyuma, na ukirudi mambo yameisha. Onyo la kitapeli linakutaka utende, tena haraka: pakua hiki, piga namba hii, lipia, andika nywila yako, andika namba yako ya siri. Programu inayokulinda haina sababu ya kukuomba namba ya siri ya M-Pesa au ya mtandao mwingine wowote.

Wazazi wengine wananiambia maonyo haya yanawatokea hata wakiwa hawajafungua tovuti yoyote, yanashuka juu ya skrini kama ujumbe. Mara nyingi chanzo ni kitufe cha “Ruhusu” kilichobonyezwa siku moja, pengine na mtoto aliyekuwa akitafuta katuni, na tovuti fulani ikapata kibali cha kutuma arifa. Hicho si kirusi. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari chako, tafuta mipangilio ya tovuti, kisha arifa, uone orodha ya walioruhusiwa. Usiyoitambua, iondoe.

Siku onyo likitokea kwenye tovuti unayoiamini, fanya hivi:

1. Rudi nyuma. Usibonyeze kitu chochote ndani ya ukurasa, hata alama ya kufunga dirisha, maana matapeli huweza kuigeuza kuwa mtego. Funga ukurasa wenyewe au kivinjari.

2. Soma ni nani anayekuonya. Je, ni programu uliyoiweka mwenyewe, unayoijua jina, au ni kitu usichowahi kukiona? Ifungue programu yako kwa kugusa alama yake uone kama nayo ina kumbukumbu ya onyo hilo. Simu nyingi za Android zina ukaguzi wa Play Protect ndani ya Play Store, nao unaweza kuuendesha bila malipo.

3. Kagua anwani herufi kwa herufi. Herufi moja iliyoongezwa au kubadilishwa inatosha kukupeleka kwenye tovuti ya kuiga. Kagua na tarehe ya simu.

4. Usiiweke tovuti hiyo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa ili tu usisumbuliwe. Kibali hicho kitabaki hata siku tovuti itakapovamiwa kweli.

5. Piga picha ya skrini uwatumie wenye tovuti kwa simu au njia nyingine unayoijua. Mara nyingi wao ndio wa mwisho kujua. Kama programu imekosea, wao wanaweza kuomba irekebishwe.

6. Subiri siku moja au mbili, sasisha programu yako, kisha jaribu tena. Kosa la programu kwa kawaida hurekebishwa katika sasisho linalofuata.

Kama umeshabonyeza, usikae kimya kwa aibu. Zima data. Iondoe aplikesheni yoyote uliyoiweka kupitia onyo hilo. Badilisha nywila ukitumia simu nyingine. Kama uliandika namba ya siri ya fedha, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa namba unayoijua, si ile uliyopewa kwenye ukurasa. Kwa walioko Tanzania, namba za matapeli wanaotuma ujumbe au kupiga simu huripotiwa TCRA kupitia 15040.

Bado jambo moja, na hapa nasema kama mwandishi wa afya. Maonyo haya hayachagui wakati. Linaweza kutokea saa nane usiku, mtoto ana homa, na wewe unatafuta kipimo cha dawa kwenye ile tovuti uliyoizoea. Wakati huo kishawishi cha kubonyeza “endelea hata hivyo” ni kikubwa mno, na hakuna wa kumlaumu mzazi. Njia ya kujikinga ni kutoitegemea tovuti moja kwa jambo la dharura. Andika kwenye karatasi, ubandike kabatini, uzito wa mtoto wa karibuni na kipimo cha dawa ya homa ulichoelekezwa kliniki. Hifadhi namba ya kituo chenu cha afya. Wizara ya Afya ya Tanzania ina namba 199, isiyo na malipo, kwa ushauri wa afya.

Na zipo dalili ambazo hazihitaji kufungua tovuti yoyote: mtoto mdogo hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Hizo ni dalili za hatari. Weka simu mfukoni, mbebe mtoto, nenda kituo cha afya.

Kwa msomaji wetu: acha programu iwashwe, watumie wenye tovuti picha ya onyo hilo, na mwambie mdogo wako naye akague simu yake. Mapishi ya uji wa lishe yatasubiri siku mbili. Akiba ya ada ya watoto ikishachukuliwa, kuirudisha ni kazi ngumu zaidi.