Kanuni za Mwendo na Roho za Abiria

Sheria ya usalama barabarani ina mianya yake. Usiku askari hurudi nyumbani, na dereva mwenye maneno matamu huweza kusamehewa kosa lake. Lakini gari likishaondoka stendi linakuwa chini ya sheria nyingine isiyotungwa na Bunge lolote, nayo haijapata kumsamehe mtu. Isaac Newton aliiandika kitabuni mwaka 1687. Shule zetu za sekondari huifundisha, wanafunzi huikariri, mtihani ukipita huachwa darasani pamoja na chaki. Nasema hilo ni kosa kubwa. Elimu hii inaeleweka na kila aliyewahi kupanda basi, nayo ingeokoa roho nyingi kama tungeichukua na kusafiri nayo.

Newton alieleza kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo, kwa kasi ileile na upande uleule, mpaka kani nyingine ikizuie. Dereva akikanyaga breki ghafla, breki hushika magurudumu na magurudumu hulishika gari. Abiria hajashikwa na chochote. Anaendelea mbele kwa kasi ile aliyokuwa nayo mpaka akutane na chuma cha kiti, kioo, au kisogo cha mwenzake. Mkanda wa kupita begani na kiunoni, aliouunda mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo huko Uswidi mwaka 1959, unamfunga mtu na gari ili wapunguze mwendo pamoja, na kuugawa msukumo kwenye mifupa imara ya bega, kifua na nyonga. Sasa mfikirie mama aliyempakata mwanawe. Mtoto ana kilo 10, gari lina mwendo wa kilomita 50 kwa saa, nalo linagonga na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili mtoto asimtoke, mikono ya mama itapaswa kuhimili kani iliyo sawa na uzito wa kilo 140, tena kwa ghafla, bila kujiandaa. Upendo upo, nguvu hizo hazipo. Mtoto anahitaji kiti chake na mkanda wake.

Jambo la pili, yaani madhara ya kuongeza kasi, ndilo linalowadanganya madereva wengi, kwa kuwa akili ya kawaida hailitazamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1720 Willem 's Gravesande, profesa wa Leiden nchini Uholanzi, aliangusha matufe ya shaba juu ya udongo laini wa mfinyanzi akapima mashimo. Tufe lililofika kwa kasi maradufu lilichimba kina mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, kina kilikuwa mara tisa. Émilie du Châtelet, mwanamke msomi wa Ufaransa, aliyashika matokeo hayo akayatetea katika kitabu chake cha mwaka 1740, wakati wataalamu wengi wenye majina makubwa walikuwa bado wanayabishia. Barabara zetu za lami zinatii hesabu ileile. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye matairi mazuri na mwendo wa kilomita 50 kwa saa husimama baada ya kama mita 14 tangu breki zishike. Likiwa na kilomita 100 huhitaji kama mita 56. Hapo sijahesabu ile sekunde moja ambayo dereva anaona hatari na mguu wake haujafika kwenye breki, sekunde ambayo kwa mwendo wa 100 inameza mita 28 nyingine. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, yaani juu ya ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 100, unaanguka kutoka karibu mita 40.

Wapo watakaosema kwamba dereva mzoefu hujua kulimudu gari lake. Namheshimu dereva mzoefu, na huenda akaiona hatari mapema kuliko mwanafunzi. Ila zile mita 56 ni za msuguano kati ya tairi na lami, na lami haiulizi leseni ilitolewa lini. Wengine hujitapa kwamba gari zito limetulia. Waende Kitonga, kule Iringa, wayatazame malori yanavyoteremka. Nishati haipotei, hubadilika sura tu. Lori la tani 50 likishuka mita 100 kwenda chini, bila kuongeza mwendo, hutoa joto linalotosha kuchemsha lita 150 za maji. Dereva akitegemea breki peke yake, joto hilo lote linaingia kwenye breki, zinaungua, zinalegea, kisha zinakataa. Ndiyo maana wakongwe huingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza na kuiachia injini sehemu ya kazi.

Pingamizi lenye mizizi mirefu zaidi ni lile la kusema ajali ni mipango ya Mungu na siku ya mtu ikifika imefika. Siwezi kumbishia mtu imani yake, na sina nia hiyo. Namwomba tu akumbuke kwamba anayeamini Mungu ameumba dunia anaamini pia kwamba ndiye aliyeiwekea kanuni zake. Kuzidharau kanuni hizo na kumsingizia Yeye matokeo si uchaji, na yatima wa ajali hizi wanastahili jibu la haki kuliko hilo.

Wapo pia wanaohofia kuchelewa wakipunguza mwendo. Tupige hesabu. Kwa safari ya kilomita 100, anayekwenda 80 kwa saa hutumia dakika 75. Anayekwenda 100 hutumia dakika 60. Kwa dakika 15 hizo basi linabeba nishati ya kugonga iliyoongezeka kwa zaidi ya nusu. Kenya ilipoanza kulazimisha vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mikanda katika matatu mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, wengi walinung'unika, lakini mabadiliko yalionekana barabarani. Anayeogopa kunaswa na mkanda gari likiwaka moto azingatie kwamba ili ajinasue sharti kwanza awe na fahamu zake, na mkanda ndio unaomwachia fahamu hizo. Na aliyeketi nyuma asidhani amesalimika, kwani bila mkanda mwili wake wote ndio utakaompiga aliye mbele yake. Kwa hiyo, ndugu abiria, ukae mbele au nyuma, kagua mkanda wa kiti chako gari likiwa bado stendi. Ukikuta umekatwa au umefichwa chini ya kiti, mwite kondakta, dai mkanda mzima au kiti kingine kabla hujalipa nauli.