Mtoto wa mlevi si lazima awe mlevi

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Waswahili hao hao husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mpenzi msomaji, methali hizi mbili zimevutana tangu jadi, na sisi madaktari wa mitaani twajua ni ipi ambayo aghalabu hushinda. "Ni damu ya baba yake hiyo, daktari." Kauli hii husemwa mbele ya mtoto mwenyewe, tena mtoto ambaye pengine kosa lake ni kuonekana mara moja na wenzake karibu na mangweni. Siku hizi wazazi waliosoma hawasemi damu. Husema jeni, na kwa kuwa neno hilo limetoka kwa wanasayansi, hukumu huonekana imekamilika. Nimewasikia wajomba wakikataa kuchangia karo kwa sababu hiyo hiyo.

Nataka kuipinga hukumu hiyo, na shahidi wangu ni mnyoo.

Si yule anayewasumbua watoto tumboni. Huyu huitwa Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita 1 hivi, huishi katika mboji na matunda yanayooza, hula bakteria na hamdhuru mtu. Aliyemwingiza katika maabara ya elimu ya jeni ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960. Alitaka mnyama mdogo kiasi kwamba kila seli yake ya neva ingeweza kuhesabiwa. Zikahesabiwa, zikapatikana 302 kwa mnyoo wa kawaida, ambaye ni dume na jike kwa wakati mmoja. Mwaka 1986 Brenner, John White na wenzao wakachapisha ramani ya jinsi seli hizo zinavyoungana. Binadamu ana seli za neva zipatazo bilioni 86. Hata hivyo, idadi ya jeni haitofautiani sana: takriban 20,000 kwa mnyoo, na takriban 20,000 kwako wewe unayesoma gazeti hili.

Basi ikiwa kuna kiumbe ambaye jeni zingemwendesha kama gari, ni huyu.

Na mnyoo hulewa! Akiwekwa katika pombe, ule mwendo wake wa kujipinda kama herufi S hupungua, mayai hayatagi tena kama kawaida, na hatimaye hulala tu. Mwaka 2003 watafiti wa San Francisco, Marekani, walieleza jinsi walivyotafuta minyoo wasiolewa upesi, wakawapata, na kasoro ikaonekana katika jeni moja iitwayo slo-1. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza mlango mdogo katika utando wa seli, ambao hupitisha potasiamu kwenda nje. Potasiamu ikitoka, neva hutulia. Pombe huufungua mlango huo kupita kiasi, na neva hunyamaza. Mnyoo asiye na mlango huo huendelea na safari zake kana kwamba amenywa maji.

Wale wa "ni damu" watafurahi hapa. Lakini tazameni vizuri jeni hiyo ilifanya nini. Haikumpeleka mnyoo kwenye pombe wala haikumpa kiu. Ilijenga mlango, basi. Aliyeleta pombe ni mtu aliyevaa koti jeupe.

Kisa cha pili chanipendeza zaidi. Kuna minyoo wa aina hii ambao hula kila mmoja peke yake, na wengine hula wakiwa wamesongamana kama abiria wa matatu jioni. Mwaka 1998 Mario de Bono na Cornelia Bargmann walionyesha kwamba tofauti yatokana na jeni iitwayo npr-1, tena na badiliko la asidi amino moja tu katika protini yake, ambayo ni kipokezi cha ujumbe katika neva. Ingekuwa rahisi kutangaza kwamba jeni ya upweke imepatikana. Kumbe sivyo. Mwaka 2004 ilibainika kwamba minyoo hawa huikimbia hewa yenye oksijeni ya asilimia 21, yaani hewa hii ya kawaida, na penye msongamano oksijeni hupungua. Punguza oksijeni katika chombo, nao hutawanyika, ilhali jeni zao ni zile zile. Jeni hiyo haisemi "kaa na wenzako". Hupunguza au huongeza ukali wa neva katika kuisikia hewa. Na kama hilo halitoshi, mwaka 2009 iligunduliwa kwamba ile jeni ya kula peke yake haikutoka porini hata kidogo. Ilizuka maabarani, walimokuwa wakifugwa miaka nenda miaka rudi.

Isitoshe, mnyoo hujifunza. Akila bakteria waliomwuguza, baadaye huepuka harufu yao, na serotonini, kemikali ambayo hata neva zetu huitumia, ina mkono katika somo hilo. Seli 302, na bado yaliyompata jana humbadili leo.

Turudi kwa binadamu. Sitawadanganya kwamba urithi hauna uzito. Uchunguzi wa mapacha waonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika hatari ya kuwa mateka wa pombe yatokana na jeni. Hiyo ni nusu ya tofauti baina ya watu wengi, wala si nusu ya maisha ya mwanao yaliyokwisha kuandikwa. Tena si jeni moja, ni nyingi sana, kila moja na mchango wake mdogo. Watoto wengi wa walevi hawawi walevi.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akiwa na baba au babu aliyeangamizwa na pombe, mwambie waziwazi, kama vile ungemwambia kwamba familia yenu ina kisukari. Mwambie yeye hana nafasi ya kujaribu-jaribu kama rafiki zake. Mcheleweshe, wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 hunaswa zaidi kuliko wanaoanza baada ya miaka 20. Usimtume dukani kukununulia bia, jambo ambalo baadhi yenu mwalifanya hata Jumapili iliyopita. Karo yake ilipwe. Na lile neno "damu", mjomba akilitamka mezani, mkatize papo hapo huku mtoto akisikia.