Utafiti wa mtoto mdogo uanze na swali dogo

Mwanafunzi wa elimu ya awali anapotakiwa kuchagua mada ya insha ya utafiti, mara nyingi humpelekea msimamizi wake mada pana: umuhimu wa elimu ya awali, changamoto za elimu ya awali, mchango wa wazazi katika malezi. Nia yake ni njema, ila majibu ya maswali hayo yanajulikana kabla kazi haijaanza. Hakuna mwalimu atakayejaza kwenye hojaji kwamba elimu ya awali haina umuhimu, wala mkuu wa shule atakayesema hana changamoto. Muhula unapokwisha, insha imejaa asilimia za watu waliokubali jambo ambalo hakuna aliyelipinga, na mtoto mwenyewe haonekani humo.

Wakati huohuo mambo mazito yanaamuliwa kuhusu watoto hao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima Tanzania. Ada ilipofutwa mwanzoni mwa 2016, madarasa ya awali yalifurika: uandikishaji ulitoka takriban watoto milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliofuata. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhudumia mtoto hadi afikishe miaka minane. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la elimu ya awali. Hatua zote hizo zinazaa maswali ambayo viongozi hawawezi kuyajibu wakiwa ofisini. Wanaoweza kusaidia kuyajibu ni wanafunzi wanaokaa wiki kadhaa darasani wakati wa mafunzo kwa vitendo.

Afrika Mashariki ina historia inayostahili kuwapa moyo. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyelelewa Kanada, alifika Uganda na kuanza kuzitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani na Kampala. Alitaka kujua jinsi mtoto mchanga anavyojenga uhusiano na mama yake, kwa hiyo alirudi katika nyumba zilezile kila baada ya wiki mbili hivi, akakaa, akatazama, akaandika. Aligundua kwamba akina mama walioweza kueleza kwa undani tabia ndogondogo za watoto wao ndio ambao watoto wao walionekana kutulia zaidi. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka 1967. Nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi, inayofundishwa leo duniani kote, imepata sehemu kubwa ya msingi wake katika nyumba hizo.

Miaka ya 1970, mtafiti Charles Super aliwachunguza watoto wa Kipsigis katika eneo la Kokwet, Kenya. Wataalamu walikuwa wamezoea kusema kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kukomaa viungo, kana kwamba ndivyo alivyozaliwa. Super aliuliza jambo dogo zaidi: huwahi kufanya nini hasa? Akaona kwamba watoto wa Kokwet waliwahi kukaa na kutembea, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia wengine. Maelezo aliyapata kwa akina mama. Kukaa na kutembea walikufundisha kwa makusudi, hata kumchimbia mtoto kishimo kidogo cha kumshikilia asianguke anapojifunza kukaa. Kutambaa hawakukufundisha.

Mtafiti Robert Serpell naye aliwalinganisha watoto wa miaka minane wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, na matokeo yake yalichapishwa 1979. Aliwapa kazi ya kuiga maumbo kwa njia tofauti. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia wakaongoza. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Mtu aliyewapima kwa karatasi peke yake angewapa watoto wa Lusaka sifa isiyo yao.

Kazi hizi zilianza na jambo linaloonekana kwa macho, kwa watoto ambao mtafiti aliweza kuwafikia. Ndiyo maana inasikitisha kuona mapitio ya machapisho ya wanafunzi wengi yakianza na kuishia Ypsilanti, Michigan, Marekani, kwenye mradi wa shule ya awali ya Perry uliowafuatilia watoto 123 kuanzia mwaka 1962. Mradi huo una heshima yake. Lakini mwanafunzi wa Mombasa au Unguja ana ushahidi ulio karibu zaidi: shule za awali za Madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kisha zikaenea Zanzibar na Uganda. Peter Mwaura na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti uliowalinganisha watoto wa shule hizo, wa shule nyingine za awali na waliobaki nyumbani. Waliosoma walipiga hatua kubwa kuliko waliobaki nyumbani, na wa Madrasa wakawa mbele zaidi. Hapo ndipo swali jipya linapoweza kuanzia: mwalimu wa Madrasa anafanya nini asubuhi moja ambacho mwenzake wa jirani hafanyi?

Wasimamizi wengine husema mada pana ni salama, kwa kuwa ina machapisho mengi na mwanafunzi ana muda mfupi. Ufupi wa muda ndio hasa unaodai swali jembamba. "Michezo na ujifunzaji" haiwezi kumalizwa kwa muhula mmoja. Lakini mwanafunzi anaweza kuwatazama watoto kumi wakicheza mdako na kurekodi wanavyohesabu kete wanazodaka, kisha kulinganisha na wanavyohesabu mbele ya ubao. "Lugha ya kufundishia" ni bahari, ila mtoto wa Kimaasai anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani anaweza kufuatiliwa kwa wiki sita: lini anajibu, lini ananyamaza, nani kati ya wenzake anamtafsiria. Shule inayotoa uji siku fulani tu inamruhusu mtafiti kulinganisha utulivu wa watoto siku za uji na siku zisizo na uji.

Mada hizi zinadai uangalifu pia. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutoa ridhaa ya kisheria, kwa hiyo mzazi aombwe kwa lugha anayoielewa, na mtoto anayegeuka au kukataa kucheza aachwe. Nchini Tanzania, barua ya utambulisho hupita mkoani na kwenye halmashauri kabla ya kufika shuleni, na safari hiyo hula wiki. Anayechagua mada itakayomlazimu kuzunguka wilaya tatu huishia kugawa hojaji kwa haraka na kuondoka.

Idara za vyuo zina wajibu wa kwanza hapa. Pendekezo lisipitishwe mpaka mwandishi wake awe amekaa siku mbili tatu katika darasa la awali na kuandika alichokiona, na swali lake litoke kwenye daftari hilo. Walimu wa madarasa hayo waulizwe kila mwaka ni jambo gani linawatatiza, na majibu yao yabandikwe pale wanafunzi wanapochagulia mada. Matokeo nayo yarudishwe shuleni kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, ili mwalimu aliyefungua mlango wa darasa lake ajue mgeni wake aligundua nini, na mkurugenzi wa halmashauri apate kitu cha kusoma kabla hajapanga bajeti ya mwaka unaofuata.