Maji yameingia Ng'ambo, yatoke wapi?

Mtoto ana miaka miwili na miezi michache. Ilikuwa mara yake ya tatu kuletwa kwangu tangu mvua zianze: mara mbili kuhara, mara moja malaria. Mama yake, mkazi wa Ng'ambo hapa Tabora, aliketi, akampakata, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Dokta, mbona dawa zako hazimkai mwanangu?"

Nikauliza yale ya kila siku. Chandarua kipo. Maji ya kunywa wanachemsha. Mwishowe nikamuuliza, mvua ikinyesha maji ya mtaani kwenu yanaelekea wapi? Akacheka. "Yanakuja kwetu."

Mbele ya nyumba wanayopanga zimejengwa fremu za biashara. Ili wateja wavuke vizuri, mtaro wa barabarani ulijazwa kifusi na kumwagiwa zege. Maji yaliyokuwa yakipita pale sasa yanarudi nyuma, uani, na choo cha shimo kiko hatua chache kutoka jikoni.

Kwa miaka mingi kilio cha mji wetu kilikuwa ukame wa mabomba. Tulitegemea zaidi bwawa la Igombe, na wengi tunakumbuka foleni za ndoo. Kisha ukaja mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa Tabora, Nzega na Igunga, na kama daktari niliufurahia kuliko dawa yoyote mpya. Lakini ndoo inayoingia ndani lazima itoke. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, inatoa karibu lita 300 za maji ya kuoga, kufua na kuosha vyombo kila siku, kiangazi na masika. Zamani maji hayo yalikuwa machache, tukayamwaga uani yakakauka. Leo tunayamwaga palepale.

Ongeza mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 40, ambayo kwetu ni mvua ya alasiri moja tu, linamwaga lita 3,200. Bila gata, hizo zote zinaangukia kwenye msingi wako au kwa jirani.

Sasa, si kila dimbwi ni ugonjwa, na sipendi tunavyowatisha watu kwa kila tone. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia, hasa yasiyo machafu sana, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua wiki moja hadi mbili, kulingana na joto. Dimbwi linalonywea ndani ya siku nne halimkuzi. Linalokaa siku kumi nyuma ya nyumba ni kiwanda. Yule mbu mwingine anayependa maji machafu ya mashimo na vyoo ndiye anayeweza kueneza matende na mabusha. Na mbu wa homa ya dengue hahitaji hata dimbwi, kopo au tairi lililojaa mvua linamtosha.

Kinachonitia hofu zaidi ni maji ya mvua kukutana na choo. Shimo likijaa, kinyesi kinapanda juu na kutambaa uani ambako watoto wanacheza, na kama kuna kisima kifupi karibu, kinaingia humo. Wako pia wanaosubiri mvua kubwa usiku ili watapishe choo, maji yachukue. Yanachukua kweli, yanampelekea mtoto wa mtu. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa nchini hakikuhitaji njia nyingine zaidi ya hiyo: kinyesi, maji, mkono, mdomo. Homa ya matumbo na minyoo hupita hapohapo.

Dar es Salaam pia imetupa somo la upande wa pili. Katikati ya miaka ya 2000, mpango wa kupambana na malaria mjini uligundua viluwiluwi vya mbu wa malaria ndani ya mitaro iliyoziba, mitaro iliyojengwa kuondoa maji. Palipozibuliwa, wakazi wakishirikishwa kuitunza, viluwiluwi na maambukizi vilipungua. Mtaro uliojaa takataka, kwa macho yangu, ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro, maana tunauamini.

Ni kazi ya nani basi? Mitaro ya barabara za mjini iko chini ya TARURA tangu 2017. Usafi na sheria ndogo ni vya halmashauri. Ndani ya kiwanja ni mwenye kiwanja. Kwenye mpaka kati ya hao watatu ndipo maji yanapolala. Siku ya ukaguzi, aliye rahisi kuandikiwa faini ni mama mpangaji mwenye uani wenye tope. Mimi ningeanza na aliyemwaga zege. Kuvuka mtaro hakuhitaji kuuziba: mfuniko wa zege wenye vipande vinavyonyanyuliwa unapitisha mteja juu na maji chini, na unasafishika.

Kwa mwenye nyumba, kabla ya kumlipa fundi, chimba kashimo ka nusu mita, kajaze maji, kesho yake uangalie. Yakiwa yamenywea, shimo la kunyonya lenye mawe litakufaa kwa maji ya kuogea, mbali na msingi na mbali zaidi na kisima. Yakiwa bado yapo, una udongo wa mbuga, shimo hilo litakuwa bwawa tu na unahitaji mfereji wa kutoka nje. Maji ya bati yasiingizwe kwenye shimo la choo kamwe. Yaingie kwenye tangi lenye mfuniko na wavu. Na usiyasukume tu kwa jirani. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili, na mbu anavuka pande zote.

Yule mama nilimwambia akaongee na mwenye fremu. Akainamisha kichwa. "Ndiye mwenye nyumba yetu, dokta." Sikuwa nimefikiria hilo. Tulikubaliana asiende peke yake: waende wapangaji kadhaa kwa mwenyekiti wa mtaa, afisa afya wa kata awepo, na lisemwe kuwa suala la mtaa, si la mpangaji mmoja na kodi yake.

Hilo litachukua muda, na mtoto atahara tena kabla. Akianza, mpe maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, na usimkatize kunyonya. Macho yakibonyea, akilegea, akitapika kila kitu, akipata choo chenye damu au kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Na zinki aimalize siku zote 10, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.