Studio si Mahali pa Kupigia Picha

Nimepata kuwa mgeni rasmi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaandika nikiwa miongoni mwa wakosaji. Msomaji asije akadhani ni mzee tu anayewaonea vijana kijicho.

Mwaka 2022 nilialikwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa vijana wanaotengeneza muziki kwa kompyuta. Nilialikwa kwa sababu nilifundisha muziki kabla sijawa mkuu wa chuo cha ualimu, na labda kwa sababu mvi hupendeza kwenye meza kuu. Barua ilisema saa tatu asubuhi. Tukaanza saa tano na nusu, maana mgeni rasmi alikuwa njiani. Alipofika zikasomwa risala mbili, akajibu kwa hotuba ambayo ndani yake neno "fursa" lilitajwa hata nikaacha kulihesabu. Hakuna aliyewasha kompyuta hata moja. Mchana tukapakiwa kwenye mabasi kwenda kutembelea studio.

Ndugu msomaji, studio ile ilikuwa chumba ambacho watu kumi wangekaa kwa kubanana. Tuliingizwa arobaini. Mwenye studio alikaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, kioo cha kompyuta kimezimwa, akatusimulia jinsi alivyoanza maisha bila kitu. Kijana mmoja aliyesimama karibu nami akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: afanye nini ili mlio wa besi usimezwe na sauti ya mwimbaji, wala usiimeze? Akajibiwa, "Hiyo siri ya kazi, mdogo wangu." Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka. Kisha zikapigwa picha, tukapewa soda na bahasha za nauli, tukarudi makwetu.

Nasema wazi kwamba siku ile iliibwa. Waliochangisha fedha waliibiwa, na vijana waliofunga safari waliibiwa zaidi. Jibu la swali lile halizidi dakika tano. Katika njia ya mwimbaji unapunguza sauti za chini kabisa, zile za mitetemo kama 80 kwa sekunde na kushuka, maana mle hakuna uimbaji bali miguno ya chumba na vishindo vya miguu. Halafu unaangalia kama ngoma ya chini na besi hazigombei mahali pamoja. Halafu unatoka kwenye kona, kwa sababu aliyeketi konani husikia besi nyingi kuliko iliyopo, akaipunguza bure. Mimi mwenyewe niliyajua haya nikiwa na miaka zaidi ya sabini, nikifundishwa na mjukuu wangu wa kike ambaye hajapata kuitwa meza kuu.

Wapo watakaoniambia kwamba siri ndiyo mkate wa fundi. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu njaa ni njaa. Lakini mimi nimekulia Morogoro, mji ambao Cuban Marimba na Morogoro Jazz walishindana hata mtaa ukagawanyika, na sisi watoto tulijifunza muziki kwa kuning'inia madirishani wakati bendi zikifanya mazoezi. Hakuna aliyetufukuza, ila pale tulipovunja ua la mtu. Mpiga gitaa wa bendi hii aliisikia bendi ile vizuri sana, akaenda kutafuta la kuishinda. Morogoro Jazz hao hao mwaka 1970 walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, na madirisha yale yaliyokuwa wazi hayakuwazuia.

Tena sheria imekwisha kuweka mpaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtu katika wimbo wake na kanda yake. Haimlindi katika namna ya kupunguza besi, kama ambavyo hakuna mpishi mwenye hati ya kukaanga kitunguu. Biti yako ikiibwa, nenda ukadai. Lakini usimnyime kijana njia ukidhani umelinda mali.

Gharama ya siri nimeiona kwa macho yangu, na hapa ndipo hasira yangu inapotoka.

Palikuwa na mtengenezaji mmoja mtaani kwetu, kijana mpole, fundi hasa. Kwa miaka minne alipanda milima ya Uluguru na kinasa sauti, akarekodi ngoma na nyimbo za wazee. Wawili kati ya wazee hao nilimpeleka mimi, nikawasihi wakubali. Aliporudi alikuwa akizipanga ndani ya kompyuta yake, akitia besi na vinanda, kwa subira ya mfinyanzi. Hakumwonyesha mtu. Alisema kazi ikikamilika ndipo itasikika, na mimi, kwa upumbavu wa heshima, sikumbana. Mwaka 2019 aliugua wiki mbili, akafariki. Neno la siri la kufungulia kompyuta alikuwa nalo yeye peke yake. Mjane, akiwa na kodi ya nyumba ya kulipa, akaiuza mashine. Aliyeinunua akaipeleka kwa fundi, fundi akafuta kila kitu ili iwe nyepesi. Simlaumu hata mmoja wao. Ila mmoja wa wazee wale alikwisha kutangulia mbele ya haki mwaka uliopita, na nyimbo zake alizijua yeye tu. Lau vijana watano wangekuwa wakikaa pamoja hata mara moja kwa mwezi, mmoja angesema, "Kaka, nakala nyingine uko nazo wapi?" Ni swali la sekunde tatu. Halikuulizwa.

Na mimi je? Miaka ya 1990 nilikifunga kwa kufuli chumba cha muziki cha chuo, kwa kuwa wanachuo walikuwa wakikichakaza kinanda cha kukanyaga. Kinanda kilitunzwa vizuri mno. Tulipofungua, panya walikuwa wamekula mivukuto yote.

Ndiyo maana tangu mwaka jana tunakutana nyumbani kwangu, na mara nyingine kwenye studio za wenyeji wanaokubali masharti. Masharti yenyewe ni machache na yana ukali. Hawazidi sita, kwa sababu mtu wa saba haoni kioo. Hakuna mgeni rasmi. Mimi mwenyewe hukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kila anayekuja analeta kazi yake kwenye flashi, nzuri au mbaya, na inafunguliwa mbele ya wote, mistari yote ya ngoma na sauti ikiwa wazi. Mwenye studio naye hufungua yake, na kwa muda wake tunamlipa mchango tuliouchanga, kwa kuwa umeme anaulipia yeye. Picha hupigwa kazi ikiisha, kama bado kuna mwenye hamu.

Tunakutana Jumamosi asubuhi. Nililiwekea mkazo hili hata wavulana wakaninunia, maana wamezoea usiku. Lakini binti gani wa kwao ataruhusiwa kwenda studio saa nne ya usiku? Halafu tunashangaa kwamba wasichana hawatengenezi muziki! Tulipohamishia asubuhi walikuja wawili, na mmoja ndiye sasa anayewasahihisha wengine.

Mambo wanayoambiana yangewachekesha wakubwa wa semina. Kijana mmoja alikuwa akitumia FL Studio, programu ya Wabelgiji iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ile nakala ya majaribio. Nakala hiyo hukuruhusu kufanya kila kitu na kuhifadhi, ila ukiifunga kazi huwezi kuifungua tena mpaka ulipe. Yeye hakujua. Alifanya kazi usiku tisa, kompyuta ikiwa haijazimwa, akitengeneza wimbo wa harusi ya dada yake. Umeme ukakatika usiku wa kumi. Alidhani amerogwa. Mwenzake anayeishi Kihonda alikuwa anaijua kanuni hiyo siku zote, na alikuwa na LMMS, programu ya bure. Walikuwa wakiishi mji mmoja bila kujuana.

Na wazee wenzangu nao nina neno nao, nyinyi mnaosema muziki wa kompyuta ni uhuni. Mlikuwa wapi? Tulimwalika mzee wa Kigogo aje na ilimba yake. Vijana walipotaka kumfuatisha kwa vitufe vya kompyuta ikawa fujo, kwa sababu kinanda hukata sauti katika hatua 12 zilizo sawa, na ilimba haikuapa kufuata hatua hizo. Kuna ufito mmoja uliolia chini ya sauti ya kinanda kwa karibu theluthi ya hatua. Vijana wakasema ilimba imeharibika. Mzee akasema kinanda ndicho kibovu. Saa nzima ya ubishi! Mwishowe yule binti akagundua kwamba katika programu kila noti inaweza kusogezwa kidogo kidogo, akawa anasogeza, mzee akitikisa kichwa kukataa, akisogeza tena, hata mzee akanyamaza, akaanza kupiga. Mimi nilifundisha do-re-mi miaka mingi na somo kama lile sikupata kulitoa.

Karibuni taasisi moja imetuletea ujumbe kwamba iko tayari kutusaidia: ukumbi, fulana, bango, na washiriki mia moja. Vijana wanaitamani fulana, sitaficha. Tumebishana Jumamosi mbili. Nimewaandikia taasisi barua kuomba kitu kimoja tu, diski mbili kubwa za kuhifadhia nakala, moja ikae kwangu na moja kwa mwingine. Hawajanijibu. Jumamosi ijayo tunakwenda kwenye studio ya Kihonda, na nafasi tano kati ya sita zimekwisha kuchukuliwa.